Mtaa Ulioitikia kwa Shingo Upande

Mkunga alipohamishiwa mji mdogo upande wa pili wa nchi, dalali alimpeleka kuona nyumba kwenye mtaa tulivu, msafi. Lakini kila waliyemsalimu aliitikia kwa shingo upande, kisha akafunga mlango.

"Wana nini hawa?"

"Ushamba tu, dada," dalali akacheka.

Moyo wa mkunga ulikataa. Kesho yake alirudi peke yake, akapiga hodi kwa jirani. Mama mmoja akachungulia dirishani.

"Mwenzako yuko wapi?"

"Si mwenzangu, mama. Ananitafutia nyumba tu."

Mlango ukafunguka. "Pita, mwanangu. Yule aliwapangisha wageni watatu nyumba ileile, akatokomea na kodi zao. Tulidhani mko pamoja!"

Mama huyo alimpeleka kwa mwenye nyumba mwenyewe, na mkunga akahamia palepale. Kufuli, hata hivyo, alinunua jipya.