Hatua ya Kumi na Moja

Nakumbuka Jumamosi moja pale viwanja vya Mnazi Mmoja, mjukuu wangu, na kila nikiikumbuka hasira inanipanda upya. Nisingeisema leo. Lakini nimekutazama tangu asubuhi na hilo boksi lako la roketi, umebandika mabawa yote kwa dakika kumi, na karatasi ya maelekezo umeikalia. Inuka, uitoe hapo, uinyooshe, kisha unisikilize.

Mimi nilikuwa kama wewe, tena mbaya zaidi, maana wewe una miaka kumi na sita na mimi nilikuwa na ishirini na moja, karani wa ghala, nikijiona nimemaliza dunia. Tulikaa Kariakoo, Mtaa wa Sikukuu. Baba alikuwa fundi wa kushona, cherehani yake ikikaa barazani. Mdogo wangu Mwanaidi, huyu huyu bibi yako aliye chumba cha pili, alikuwa amemaliza kidato cha nne na alitaka kwenda chuo cha ufundi akasomee mitambo. Fomu alikuwa nayo. Ilibaki sahihi ya baba tu, na mwisho wa kuirudisha ulikuwa Jumatatu. Baba hakuwa mtu mbaya, ila kwake msichana na mitambo havikukaa nyumba moja. Alikwisha kumwekea kigoda kando ya cherehani.

Ndipo mjomba Shaha akaingilia. Mjomba alikuwa mpakuzi wa mizigo bandarini, na baharia mmoja waliyezoeana naye alimwachia zawadi: roketi ndogo ya kuunda mwenyewe, ya wanaoanza. Bomba la karatasi ngumu, pua ya plastiki, mabawa ya mbao nyepesi, mwavuli wa nailoni wa kuishusha polepole, na injini ya baruti yenye unene wa kidole gumba. Injini moja tu. Mjomba hakunipa mimi, alimpa Mwanaidi. Kisha akamwendea shemeji yake akamwuliza, binti akiiunda kwa mikono yake, ikapanda, ikarudi nzima, atatia sahihi? Baba akacheka, akakubali. Ila ikivunjika, akasema, binti atakaa kwenye kigoda na habari za chuo zisisikike tena.

Mwanaidi hakufanya mchezo. Maelekezo yalikuwa ya Kiingereza, akakaa na kamusi, akayaandika yote kwa Kiswahili kwenye daftari, hatua moja moja. Gundi ikitakiwa ikae usiku kucha, inakaa usiku kucha. Siku moja aliifunga roketi kwa uzi akawa anaizungusha juu ya kichwa chake uani, apate kuona kama imekaa sawa, majirani wakamwuliza mama kama mtoto amepatwa na kitu. Na mimi nilicheka nao. Daftari lile sikulifungua hata ukurasa. Nitasomaje mwandiko wa mdogo wangu, mimi karani mzima?

Sasa sikia upumbavu wenyewe. Alhamisi ya wiki ile balozi wa nyumba kumi alipita akisema duka la ushirika limepata sabuni ya kuogea, kila nyumba kipande kimoja. Wewe hujui miaka ile. Sabuni yenye harufu ilikuwa nusu ya posa. Mama akanituma, nikapanga foleni toka alfajiri, nikaipata. Nikaificha, nikarudi nyumbani mikono mitupu, nikamwambia mama imeisha kabla ya zamu yangu. Sabuni niliitaka kwa ajili ya Rehema wa Mtaa wa Mchikichi, binti niliyekuwa nikimpenda. Na zawadi haipelekwi uchi, ila karatasi nzuri ungeipata wapi? Nikakumbuka boksi la Mwanaidi. Ndani yake mlikuwa na karatasi laini za bluu, zimekunjwa vizuri. Nikadhani ni za kufungia tu, kama zile ambazo mama alizitoa kwenye kila kitu kilichotoka nje akatandikia kabati. Nikazichukua zote, nikafunga sabuni yangu, nikapeleka.

Jumamosi tukaenda Mnazi Mmoja. Baba alikwisha kumwomba balozi ruhusa, maana kurusha kitu chenye moshi bila kusema kungetuletea maswali. Watu wakajaa. Mwanaidi alikuwa chini anaunganisha nyaya na betri za tochi, na mimi, kwa kuwa watu wanatazama, nikang'ang'ania nami nipewe kazi. Akanipa hatua ya kumi na moja: kupanga mwavuli ndani ya bomba. Nikausokomeza. Akaniuliza bila kuinua kichwa, "Kaka, zile karatasi laini umezitanguliza?"

Nikamjibu, "Nimezitanguliza."

Neno moja, mwanangu. Ningesema, "Karatasi zipi?" tungerudi nyumbani, tukarusha kesho yake. Kuuliza si ujinga. Ila mimi niliogopa kuulizwa zimekwenda wapi.

Ilipanda. Wallahi ilipanda vizuri, mpaka baba akainua uso kofia ikamdondoka nyuma, na nikamwona anatabasamu. Kule juu ikatoa mlio mdogo, pua ikachomoka, tukasubiri mwavuli ufunguke. Kilichotoka ni donge jeusi. Roketi ikaja chini kichwa mbele, bomba likakunjamana, mabawa mawili yakaruka kila moja upande wake. Mwanaidi aliokota vipande vyote, akavifunga kwenye ncha ya kanga. Hakulia. Baba akaokota kofia yake, akaikung'uta, akasema, "Kupanda imepanda, mwanangu. Lakini tuliagana irudi nzima."

Jioni ile mjomba alifungua bomba, akakuta nailoni imeyeyuka. Akanieleza taratibu kwamba baruti ya kufungulia mwavuli inatoa moto, na zile karatasi zimetengenezwa zisishike moto, ndizo zinazoukinga. Akaniuliza kama nina la kusema. Nikamwambia sina. Jumapili ikapita. Jumatatu ikapita, Mwanaidi amekaa kwenye kigoda anatia vifungo kwenye mashati ya watu, na mimi nikala chakula changu nikaenda kazini.

Njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilifika mwisho Jumanne, baada ya alasiri. Mama yake Rehema alikuja na kifurushi, akamwambia mama kwa adabu kwamba binti yake hapokei zawadi za vijana ambao wazee wao hawajabisha hodi. Akakiweka juu ya mkeka. Sabuni ile ile, ndani ya karatasi za bluu, haijafunguliwa. Mama aliitazama sabuni. Mjomba alizitazama karatasi. Mwanaidi akaacha sindano, akanitazama mimi.

"Kaka," akasema, "nilikuuliza."

Basi. Mjomba ndiye aliyeongeza. "Sabuni umemwibia mama yako, hilo litasameheka. Karatasi hukuzijua, hilo nalo litasameheka. Lakini Jumamosi jioni nilipokuuliza ulizijua, na fomu ilikuwa bado mezani."

Baba akamwambia Mwanaidi alete fomu, akatia sahihi pale pale juu ya cherehani. Jumatano asubuhi niliipeleka mwenyewe ofisini, karibu na Posta, nikasimama dirishani nikiomba. Karani akanionyesha tarehe. Karani mwenzangu, naye hakuwa na la kunisaidia. Mwaka uliofuata macho ya baba yakaanza kufifia, kazi ya kushona ikamwangukia Mwanaidi, na chuo hakikutajwa tena. Suruali nilizovaa mpaka nilipostaafu alinishonea yeye. Fomu ile bado anayo. Inanikera mpaka leo, na anayenikera si baba wala yule karani.

Kwa hiyo, mwanangu, bandua hayo mabawa, uanze upya, gundi ilale. Haraka uliyoirithi ni yangu, na haijanifikisha popote. Usidharau karatasi kwa kuwa ni laini, wala daftari kwa kuwa limeandikwa na mdogo wako. Ukiulizwa kama umeweka, fungua utazame kwanza, ndipo ujibu. Kama hukuweka, sema kabla moto haujawashwa. Na ukishawashwa, sema kabla ya Jumatatu. Ukweli unaokuja Jumanne unamtua mzigo msemaji tu.

Mungu akujaalie mikono isiyo na pupa na ulimi usiochelewa, na kila utakachokirusha kikurudie salama. Haya, chukua maelekezo umpelekee bibi yako, akusomee yeye. Na akikuuliza kitu, mjibu kweli.