Turubai Juu ya Mavi ya Chuma

Fundi aliporudi kutoka kazi ya mbali alikuta rundo lake la uani limefunikwa turubai jipya, kingo zimebanwa kwa matofali. Aliinua ukingo mmoja, akapenyeza mkono hadi kwenye kiwiko. Pakavu kama unga.

Lilikuwa rundo la mavi ya chuma, masalia ya kiwanda cha kuyeyusha vyuma chakavu. Kwenye zege yanashika vizuri kama kokoto za mawe, na kwa bei yake nafuu ndiyo alimpata mteja, daktari wa meno: jengo la kwanza la ghorofa kwa fundi. Ila yakiwa mabichi yana chokaa ndani, na chokaa ikipata maji huvimba. Heri ivimbie uani kuliko ndani ya nguzo, ipasue zege, maji yafikie nondo. Ndiyo maana aliyaacha yanyeshewe msimu mzima wa mvua.

"Mama! Nani kafunika huku?"

"Mimi," mama yake akajibu kutoka kibarazani. "Wakwe zako walikuja kabla ya mvua. Ulitaka waone jaa?"

"Si nilisema yasiguswe?"

"Nani kayagusa? Nimeyafunika."

"Yalitakiwa yalowe, mama!"

"Marehemu baba yako aliijenga nyumba hii kwa heshima zake. Hakuijenga ili urundike mavi mlangoni."

"Ya chuma, mama."

"Mavi ni mavi."

Mkewe, aliyekuwa akianika nguo, akajificha nyuma ya shuka acheke. Fundi hakuwa na cheko. Kesho yake ndiyo siku ya kumwaga zege.

"Si umwage tu," mama akasema, sauti ameishusha. "Nani atajua?"

"Nguzo zikipasuka, watauliza kajenga mtoto wa nani."

Hilo lilimwingia mama.

Fundi akampigia daktari simu, akamwomba miezi michache ya kuyamwagilia.

"Fundi, mimi jino bovu nang'oa, silibembelezi," daktari akasema. "Kazi nampa yule mwenzako uliyemshinda kwa bei."

Simu ikakatika. Fundi akayarusha matofali pembeni, akalivua lile turubai kwa hasira, akaburuta mpira wa maji. Hii kazi imekwenda, labda yatafaa kwa ijayo.

"Sasa hivi?" mama akashtuka. "Na watu wanapita?"

"Wapite!"

"Ngoja basi nifunge geti."

Fundi akasimama na mpira mkononi, maji yakimwagikia viatu, akimsubiri mama yake afike getini kwa ule mwendo wake wa heshima.