Benchi la Nje

Siku Gaudensia Margwe alipotolewa nje ya zahanati ya kijiji chao, hakuwa amemtukana mtu yeyote. Alikuwa amekaa tu. Mumewe Baltazar alikuwa amejiua kabla ya mavuno ya maharage, na katika milima ile iliyo juu ya Dongobesh nyumba yenye msiba wa namna hiyo hutengwa kwa muda: haiombwi moto, ng'ombe wake hawanyweshwi pamoja na wa wengine, wala hakuna anayekaa na watu wake bega kwa bega. Wanawake walipoanza kuinuka benchini mmoja mmoja, tabibu Renatus, aliyehamishiwa pale kutoka mkoa mwingine, hakuwakemea. Alimwonyesha mjane benchi bovu lililokuwa nje, karibu na tangi la maji, akamwambia ataitwa wengine wakiisha.

Gaudensia aliumia. Lakini kilichomchoma zaidi ni kwamba Baltazar naye alipita katika mlango uleule, tena na tena, akilalamikia kichwa na kukosa usingizi. Walimpima malaria, wakampima presha, wakamwuliza kama anakohoa, wakamrudisha nyumbani na panadol. Hakuna aliyemwuliza kama bado anatamani kuishi. Mkewe naye hakumwuliza, maana hakujua kwamba swali kama hilo huulizwa. Lakini yeye ni mkulima, halipwi mshahara ili alijue.

Aliporudi siku nyingine kupima presha yake, alimkuta kwenye benchi lile shemeji yake Yohanes, mdogo wa Baltazar, ametupwa nje kama yeye. Yohanes alisema amekuja kwa ajili ya kichwa. Alikuwa amekonda, macho mekundu. Gaudensia akamsogelea. Waliowatenga walikuwa wamekaa mbali wasisikie neno. Kwa ubaya wao walikuwa wamewaachia mahali pekee pa faragha katika zahanati nzima.

“Shemeji, unawaza kujiua?”

Yohanes alichokonoa udongo kwa fimbo yake.

“Kila siku,” akasema. “Sikujua nimwambie nani.”

Gaudensia alimshika mkono, akaingia naye chumbani kwa tabibu bila kuitwa. Renatus alipoelezwa alikunja uso. Akasema wao wanatibu magonjwa. Mambo hayo ni ya padri, na wakiyashupalia yatakuwa ya polisi, kwa kuwa kujaribu kujiua ni kosa kisheria.

“Na wewe mama, unamwulizaje mtu maneno hayo? Unampa wazo.”

“Kila mjamzito anayeingia humu mnampima virusi vya UKIMWI, daktari. Nani amevipata kwa kupimwa?”

Mtu mmoja kwenye foleni alicheka. Renatus akamwamuru Gaudensia atoke, naye akasimama mlangoni akaziba njia. Foleni ikaanza kunung'unika kwamba mjane huyu amekuja kuwagawia mkosi wake. Mzee mmoja akamwambia asogee, watu wanaumwa. Gaudensia alimwamkia shikamoo kwa adabu zote, wala hakusogea.

Mwishowe muuguzi Agripina alimchukua Yohanes hadi stoo ya dawa, akamwuliza upya, akamsikiliza mpaka mwisho, akamwandikia rufaa ya hospitali ya wilaya. Akamwagiza Gaudensia asimwache peke yake njiani wala nyumbani. Yohanes alitibiwa. Leo analima shamba lake, na kliniki bado anahudhuria.

Muda wa kutengwa umekwisha, lakini Gaudensia akija zahanati hukaa nje palepale. Siku hizi watu humfuata. Husingizia kwamba wanateka maji, kisha hukaa bega kwa bega na yule waliyemkimbia, wakasema yale ambayo ndani hawaulizwi. Agripina anauliza akipata nafasi. Renatus bado anaandika panadol. Mkubwa mmoja alipokuja kukagua, alilitazama benchi, akauliza kwa nini halijapakwa rangi.

Benchi lile halihitaji rangi. Ninyi mnaosimamia afya Mbulu na Hanang, kuanzia Yaeda Chini hadi Katesh, liingizeni swali hilo ndani. Aulizwe kila mgonjwa, kama anavyoulizwa kikohozi. Mfundisheni kila tabibu namna ya kuliuliza, na la kufanya akijibiwa ndiyo. Wekeni chumba chenye mlango unaofungwa, na msimtishe mgonjwa kwa polisi. Kazi ya kumwokoa mtu msimwachie mjane kando ya tangi la maji. Baltazar aliletwa kwenu na miguu yake mwenyewe, akiwa hai. Anayefuata yuko kwenye foleni sasa hivi. Mwulizeni.