Soko la Darasa la Kwanza

Mwaka ule nilifundisha darasa la kwanza pale Kitaji, mjini Musoma. Mmoja wa wanafunzi wangu alikuwa msichana aliyehamia mjini na bibi yake, muuza samaki, kutoka kijiji cha ziwani. Nyumbani walizungumza Kijita tu, na tangu Januari hakuwahi kufungua mdomo darasani. Nikimuuliza jambo, aliinamisha kichwa.

"Mwalimu, huyo haongeagi," wenzake waliniambia.

Tulipanda maharage kwenye makopo, tukaimba herufi, tukapima darasa kwa kamba, na bado alikaa kimya. Mwezi wa sita nikawaambia tufanye soko. Kila mtoto alifinyanga bidhaa zake kwa udongo, tukazipanga juu ya madawati. Yeye alifinyanga sato, akawachora magamba kwa kijiti.

Nilipofika kwake, niliokota samaki mmoja nikambonyeza tumbo.

"Mwalimu," akasema kwa sauti kali, "kama hununui, usimbonyeze samaki wangu!"

Darasa zima likaangua kicheko. Naye akacheka. Nikaomba anipunguzie bei, akakataa katakata.

Kuanzia siku hiyo alianza kujibu, kwanza neno moja moja, akichanganya na Kijita, nami sikumkatiza. Siku ya kufunga shule mwishoni mwa mwaka, alisoma ukurasa mzima mbele ya wazazi. Bibi yake alisimama nyuma, kiganja mdomoni, akimuuliza mama mmoja aliyekuwa karibu naye, "Huyu ni mjukuu wangu kweli?"