Duka Letu la Vyondo Limeenda Kwao na Mke wa Mwanangu

Admin, ficha jina langu, lakini maneno yangu usiyapunguze. Nimeyasema kwa sauti kwa simu kwa sababu shule niliacha kabla meno ya utoto hayajaisha kung'oka. Wewe andika tu.

Mimi ni nyanya wa miaka sabini na kitu, mjane, nakaa upande wa Tulia, Kitui. Nasuka vyondo tangu nikiwa msichana. Si hivyo vya nyuzi za dukani mnavyobeba huko mjini mkijisifu. Mimi nasokota katani kwa paja langu, mpaka ngozi hapo imekuwa ngumu kama kisigino. Niko na kikundi cha wanawake wa kanisa letu na mimi ndiye mwenyekiti. Sioni haya kusema hakuna kiondo changu kimewahi kurudishwa.

Mke wa mwanangu, nimwite Mama Mwende, ndiye alitufungulia peji ya kuuzia mtandaoni. Alinipiga picha nikicheka na pengo langu, kiondo mgongoni, mshipi kwa paji la uso. Watu wakapenda. Wakaanza kuagiza kutoka Nairobi, Mombasa, hata ng'ambo. Yeye ndiye alikuwa anawajibu, yeye ndiye alikuwa anapeleka mizigo kwa basi. Sisi tulisuka tu. Nani huuliza duka limeandikwa jina la nani wakati wateja wamejaa?

Basi mwanangu, huyu niliyemzaa mwenyewe na anayejiita mwanaume, akaleta mwanamke mwingine nyumbani. Mchana, na masanduku. Mama Mwende hakupiga kelele. Alifunga nguo zake, akambeba mtoto, akarudi kwao Nunguni na simu yake mfukoni. Mimi nilimlilia mjukuu. Sikujua soko letu pia limeondoka.

Jumapili moja mwenzangu wa kikundi akanionyesha kwa simu yake. Picha yangu ileile, nacheka, na chini imeandikwa: "Tumefunga. Asanteni." Watu wanasikitika huko, wengine wananiombea nipumzike kwa amani wakidhani nimekufa. Asi! Nani amefunga? Mimi niko hapa, nimeketi mlangoni, nasuka!

Nikawatuma wazee Nunguni na mbuzi, wamrudishe Mama Mwende, na kama hatarudi, warudishe peji. Wazee wetu wanajua kugawa shamba, wanajua kugawa ng'ombe. Wakaketi, mmoja wao akasema, "Haya, hiyo peji iletwe hapa tuione." Mama Mwende akatoa simu. Mzee akaigeuza huku na huku, akauliza, "Sasa hapa ya mama mkwe wako ni upande gani?" Baba ya msichana akamjibu, "Simu alinunua mwenyewe, na peji iko ndani ya simu. Mnataka nini tena?" Mbuzi akaliwa. Wakarudi mikono mitupu wakiniambia nyama ilikuwa laini. Wazee wa bure kabisa.

Kuna mama mmoja Kitui mjini, watu wake walitoka pwani zamani, anauza leso na huwa ananunua vyondo vyetu. Nilimwendea.

"Bibi," akaniambia, "peji ni nzuri, watu ndiko waliko. Lakini hapo ni kama umetandika bidhaa kwenye baraza la mtu. Mwenye ufunguo akikasirika, au wenye mtandao wenyewe wakiamua, mumetoka. Mimi peji ninayo, na tovuti pia ninayo, nimeilipia kwa jina la duka. Peji yangu ilipofungwa, wateja walinitafuta wakanipata kule. Bei zipo, picha zipo, namba yangu ipo."

"Basi nitengenezewe hiyo websaiti, niachane na peji," nikasema.

Akatikisa kichwa. "Nani atajua ipo, bibi? Wateja wako wote wako kwa mkaza mwanao. Mwombe aandike mara moja tu, 'Tumehamia hapa.' Hilo moja tu."

Sijawahi kumwomba mtu aliyeolewa kwangu kitu. Nilimpigia. Nikamwambia, sitaki peji yako, nataka maneno hayo tu.

Akasema, "Mwaitu, mama yangu, wewe hukunikosea. Lakini nikiandika hayo, nitabaki na nini? Nitaandika siku yule mwanamke atatoka kwa nyumba yangu."

Nikamwendea mwanangu. Nikamtukana mpaka majirani wakatoka nje. Akaniambia, "Mama, mambo ya vyondo usiyaingize kwa nyumba yangu." Yaani vyondo! Vyondo vilivyomsomesha, mjinga huyu! Nikaenda kumfukuza yule mwanamke mimi mwenyewe, nimeshika fimbo. Akasimama mlangoni, na tumbo lake liko mbele yake. Huyo aliye ndani ni wa kwetu. Nikashusha fimbo nikarudi kwangu.

Sasa wanawake wa kikundi hawanisalimii vizuri kanisani. Wanasema ni mtoto wangu ametufungia soko, na kwa hilo hawadanganyi. Wengine wanawauzia madalali kwa bei ya kutupa. Mimi sitauza hivyo. Lakini kiburi hakiliwi, najua.

Na wewe admin, usinicheke. Hawa maelfu wako, peji ikipotea usiku wa leo, kesho utawaitia wapi?

Wenye akili mniambie. Msiniambie niombe, naomba kila siku. Msiniambie nianze peji mpya, nani ataamini nyanya aliyekwisha kuombewa apumzike? Nimfukuze mwanamke mwenye mjukuu wangu tumboni ndio wenzangu wauze? Ama ninyamaze na kazi yetu ife? Vyondo vimejaa mpaka juu ya kitanda, mimi nalala pembeni. Na kule kwa peji bado nacheka.