Tusekile Alipoiacha Sauti ya Juu

Iko siku moja ya mvua ambayo haijanitoka moyoni, mwanangu, na kwa kuwa Jumamosi utasimama na mwenzako kupiga muziki mbele ya watu, acha nikusimulie.

Nilikuwa msichana, nasoma hapa Tukuyu. Mwalimu wetu wa muziki alitufundisha, mimi na rafiki yangu Tusekile wa Isongole, zile filimbi za chuma zinazolazwa kwa ubavu mdomoni. Kwa onyesho la wanafunzi alitupa wimbo wa kale wa Ulaya, uliotungwa kwa filimbi mbili. Tusekile alipewa sauti ya juu, maana alikuwa na pumzi ndefu. Mimi nikawa namsindikiza kwa sauti ya chini. Mgeni kutoka Dar es Salaam angekuja kuchagua mwanafunzi mmoja akasomee muziki, na shule nzima ilimtaja Tusekile.

Mwezi ule nilikuwa nimemzika mama. Waliniambia nipumzike, nikakataa.

Siku ya onyesho tulianza vizuri. Tulipofika pale wimbo unapopoa, nikamwona baba ameketi, kiti cha pembeni yake kitupu. Vidole vilikuwa mahali pake, ila pumzi haikutoka.

Tusekile alinitupia jicho. Akaiacha sauti yake, ile ambayo watu waliisubiri, akashuka kwenye yangu, akaipiga polepole mpaka nikapata pumzi nikaingia. Tukamaliza hivyo, sote wawili chini, ya juu haikusikika tena.

Nyuma ya ukumbi mwalimu akamuuliza, "Mbona hukuendelea? Yule mgeni alikuja kukusikia wewe."

Tusekile alikuwa anafuta filimbi yake. "Ningeendelea na nani, Mwalimu?"

Mgeni alimchagua mwanafunzi mwingine, mpiga kinanda. Baba yangu, ambaye hakuwa mtu wa maneno, alimshika Tusekile mikono yote miwili akamshukuru kwa Kinyakyusa, "Ndaga fijo." Tusekile akawa muuguzi. Sasa amestaafu, anaishi Nkunga, na hajawahi kunikumbusha jambo lile.

Basi, mwanangu, fanya mazoezi, na ukipenda kupigiwa makofi hakuna ubaya. Ila ukipiga na mwenzako, msikilize yeye kwanza. Akikwama, shuka umfuate alipo. Huenda ukakosa kitu kwa ajili hiyo. Tusekile alikosa, sitakudanganya. Shuka hivyohivyo.

Mungu akuweke karibu na watu wa aina ya Tusekile, na siku mwenzako atakapokwama, akujalie kuwa mmoja wao.