Basi la Barafu

Mume wangu ni dereva wa basi la safari ndefu. Tangu apewe basi lenye kiyoyozi, abiria wamembandika jina la Barafu, naye alidhani wanamsifu.

Tatizo ni kiti chake. Injini iko ubavuni pake, inamkaanga kutwa nzima. Kwa hiyo alikuwa anafungua kiyoyozi mpaka mwisho, na jasho lake likikauka anajua abiria nao wamestarehe. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na aliyekaa na injini hamjui aliyekaa nyuma.

Malalamiko yakamfikia tajiri mwenye basi. Akasema likija lalamiko jingine, mume wangu atarudi kwenye lori la mchanga. Mimi ndiye niliyekosa usingizi, maana lori lile lilikuwa linanirudishia mtu mgongo umepinda, hata mwanawe hawezi kumbeba. Yeye akasema ni fitina tu. Kila akitazama kioo cha juu anawaona wamelala fofofo, na mtu mwenye baridi atalalaje?

Siku nampeleka mtoto kwa bibi yake nikapanda basi hilo, kiti cha nyuma. Kabla hatujauacha mji nilishamvalisha mwanangu soksi juu ya soksi. Mama mmoja mnene jirani yangu alikuwa amejizungushia pazia la dirisha shingoni bila kulichomoa, na pazia likiteleza kwenye kona, naye anakwenda nalo. Mzee wa mbele yetu alikumbatia begi lake kama mchumba.

Na kweli, wengi walikuwa wamelala. Lakini mimi ni mlezi. Mtoto aliyestarehe hulala amejimwaga, mkono huku, mguu kule. Mwenye baridi hujikunja kama konokono. Basi zima lilikuwa konokono watupu.

Tuliposimama njiani watu walishuka wakajianika juani kama mijusi. Nikamfuata mume wangu, nikamwomba akae kwenye kiti changu na mtoto, injini ikiwaka na kiyoyozi kama kilivyokuwa. Akasema ninampotezea muda, ila akaenda, kifua mbele. Shati lililolowa jasho likamgandia mgongoni. Punde magoti yakaanza kucheza. Kondakta akamuuliza anajisikiaje, akajibu raha mustarehe, huku meno yanagongana.

Hapo mwanangu akamkojolea mapajani. Nikanyoosha mikono nimpokee.

"Mwache kwanza, mama," akasema. "Angalau hiki ni cha moto."

Kondakta alicheka mpaka akakaa kwenye ngazi. Mume wangu hakucheka. Alikwenda mbele suruali imelowa, akapunguza kiyoyozi kwa mkono wake mwenyewe, akajitupia taulo la jasho begani. Tulipoondoka, mbele yangu watu walianza kufunguka mmoja mmoja, miguu ikajaa njiani, mikoromo ikashinda injini.

Wiki iliyofuata lalamiko likaja kweli. Mwalimu mmoja alipitiwa na usingizi, akapitilizwa vituo viwili, akaenda kwa tajiri amefura. Mume wangu akaitwa, akaweka funguo mezani kabla hajaulizwa.

"Hili nalo la baridi?" tajiri akamuuliza.

"Hapana, bosi. Hili la utamu."

Tajiri akamtazama, akamtazama na mwalimu, ambaye shavu lake bado lilikuwa na alama ya mshono wa kiti. Akazisukuma funguo zikarudi upande wa mume wangu.